Chupa Niliyochotewa na Bi Somoe

Siku ile uani kwa Bi Somoe, Mtaa wa Narung'ombe, tulikuwa watu sita. Alikuwepo Bi Somoe mwenyewe, mjane, mwenye nyumba na mwenye kisima. Alikuwepo Tabu, binti yake wa pekee, akipepeta mchele mlangoni mwa jiko. Ndugu Mchopa, balozi wetu wa nyumba kumi, alishika kopo la rangi nyeupe na brashi. Ndugu Rwiza alitoka ofisi ya mkoa, kalamu mbili mfukoni. Dakta Elinami alitoka chuo kikuu, daftari kubwa kwapani. Wa sita nilikuwa mimi, Hadija, mchukua sampuli, na kreti yangu ya chupa. Nawataja wote kwa sababu wote sita tulisikia maneno yaliyosemwa pale, na wawili tu kati yetu tulijua kwamba hayakuwa ya kweli.

Nimeombwa niwaandikie ninyi vijana mnaoingia kazi hii ya kuchukua sampuli za maji. Mtaniwia radhi nikirukaruka. Niliishia darasa la tano. Baba alitangulia, mama akamfuata, nami nikatoka shule kulea wadogo zangu watatu. Mwandiko wangu niliunyoosha baadaye, kwenye vibandiko vya chupa.

Kazi niliipata barabarani kwa kumcheka mtu. Nilikuwa nikichotea maji hoteli moja karibu na soko, ndoo mbili mbili. Mchana mmoja nikamkuta Dakta Elinami na wanafunzi wawili wa kiume wamesimama barazani kwa watu, jua la saa saba, wanabisha hodi kama waliokuja kukamata mtu. Hakuna aliyewafungulia. Nikacheka.

"Unacheka nini, dada?"

"Mnataka nini humo?"

"Maji ya kisima. Kidogo tu, chupa moja."

"Kisima kiko uani. Na uani wako wanawake, huyu anaoga, yule anasukwa. Wanaume watatu mkipita hapo, huyo mama atamwambia nini mumewe jioni?"

Dakta alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mrefu, mpole, Kiswahili chake cha kitabuni. Hakukasirika. Alinipa chupa, akasema, "Basi ingia wewe." Niliingia, nikasalimia, nikatoka na maji. Kesho yake nikawa kibarua wa muda wa chuo kikuu. Muda huo uliendelea mpaka nilipostaafu.

Alichokuwa akitafuta Dakta ni jambo moja: je, uchafu wa vyoo vya shimo unapita chini ya mchanga na kufika visimani? Siku hizi Kariakoo mnaona maghorofa. Wakati ule ilikuwa nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati, nyuma ua. Katika ua huo huo kulikuwa na jiko, choo na kisima. Hatua kumi na mbili kutoka choo hadi kisima, na hapo mwenye ua anajiona ana uwanja. Mabomba ya mtaani yalitoa maji yalipotaka. Yasipotaka, watu walirudi visimani, ambako maji yalikuwa ya chumvi lakini hayana foleni.

Mji wakati huo uliendeshwa na mkoa moja kwa moja, na mkoa ulitaka kujua visima vipi vifukiwe na vipi viachwe. Ndipo Ndugu Rwiza akaanza kuonekana maabara. Alikuwa mtu wa haraka. Dakta alimwonyesha michoro, akamweleza habari za mchanga, mvua na kina cha maji. Ndugu Rwiza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Dakta, mkuu wangu ananipa ukurasa mmoja. Kisima hiki nifukie, nisifukie?"

"Inategemea, Ndugu Rwiza."

"Inategemea ni rangi gani? Mimi nina nyekundu na nyeupe tu."

Maana ndivyo walivyopanga: kisima cha kufukiwa kichorwe msalaba mwekundu, cha kuachwa kichorwe duara jeupe. Nilicheka wakati ule. Baadaye niliona kwamba mtu yule alikuwa anasema kweli. Chuo kinaandika kitabu, mkoa unasoma ukurasa, mtaa unaona rangi. Kosa dogo kwenye chupa, likifika mtaani, limeshakuwa rangi ukutani na halifutiki kwa ufutio.

Kwa hiyo niwaambie habari za chupa. Chupa inachemshwa maabara, inafungwa kwa karatasi, hufungui mpaka uko juu ya kisima. Unaishika kitako. Mdomo wake haugusi kitu, hata kanga yako. Kamba nayo imechemshwa, na jiwe la kuizamisha pia. Namba unaandika kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa unakimbia, na ukirudi maabara una chupa ishirini zisizo na majina. Mimi nilifanya kosa hilo wiki ya pili. Mzee Pius, aliyekuwa akiosha vyombo vya maabara tangu enzi za Waingereza, alizipanga zile chupa mezani akaniuliza, "Haya, mama yao, waite watoto wako." Nilirudia nyumba zote kwa miguu.

Halafu barafu. Maji yakipata joto njiani, vijidudu vinazaana na majibu yanakuwa uongo. Maabara hakukuwa na barafu ya kutosha, basi niliamka kwenda Feri kwa wauza samaki, nikaomba mapande yaliyobaki kwenye masanduku yao. Kreti yangu ilinuka changu na dagaa mwaka mzima. Landrova ya chuo ilipokosa mafuta, nilipanda basi nayo. Siku moja kondakta alinitaka nimuuzie fungu. Nikamwambia ni maji ya visima. Akasema, "Dada, kama hutaki kuuza sema tu."

Kanuni kubwa kuliko zote Dakta aliitamka siku ya kwanza, na aliirudia kila Jumatatu: chupa unaishusha mwenyewe, kwa mkono wako, mpaka kisimani. Hupokei maji ya ndoo, hupokei maji ya mtu. Kijana mmoja aliyeajiriwa baada yangu alijaza chupa tatu kutoka kisima kimoja ili awahi mpira. Dakta aligundua, na kijana akaondoka siku hiyo hiyo. Upole wa Dakta uliishia hapo.

Nami nilikuwa naishika kanuni hiyo. Nyumba baada ya nyumba nilikataa kiti, nikakataa uji, nikaitwa mwenye maringo. Nyumba moja tu ndiyo iliyonishinda.

Bi Somoe alikuwa mtu wa Lindi, alikuja mjini na mumewe. Mume ndiye aliyechimba kile kisima kwa mikono yake, akakijengea saruji toka chini hadi juu, wakati majirani waliridhika na mapipa yaliyotobolewa. Mtaa mzima ulikijua. Penye msiba, Bi Somoe ndiye aliyeshika maji: ya kuoshea maiti, ya wapishi, ya wageni kutawadhia. Hakuombwa. Ikisikika sauti ya kilio tu, kamba ya kisima chake ilikuwa imeshalowa. Hiyo ilikuwa heshima yake, na wanawake wa mtaa waliitambua. Maziko ya mama yangu maji aliyashika yeye. Baada ya hapo, siku nilizokuwa kazini, wadogo zangu walikula kwake. Sikuwahi kumwomba na hakuwahi kunieleza. Nikirudi, nilimkuta Zena, wa mwisho wetu, ameshiba na amelala kwenye mkeka wake.

Nyumba yake niliiacha ya mwisho. Nilifika alasiri. Tabu alikuwa shule.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kunipima na mimi?"

"Na wewe pia."

"Kaa kwanza. Miguu imekuvimba kama andazi."

"Nishushe chupa, halafu nikae."

"Kaa, nimesema! Kisima nimechimbiwa mimi, nitashindwa kuchota? Lete hiyo chupa yako. Kula muhogo huo."

Ulikuwa muhogo wa nazi. Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu barafu ya Feri. Nikampa chupa, nikakaa kwenye kigoda, mgongo kwa kisima. Nilisikia maji yakiingia chupani. Sikusikia ndoo ikigonga saruji. Nilikuwa nakula. Alinirudishia chupa imejaa na imefungwa vizuri, nikaandika namba kwa penseli, nikaaga.

Majibu yalipotoka, visima vyote vya mtaa ule vilikuwa vichafu isipokuwa kimoja. Cha Bi Somoe kilikuwa safi kabisa. Dakta alifurahi, maana mtafiti naye ni binadamu. Alieleza kwamba ni ile saruji: inazuia. Akaandika hivyo kwenye ukurasa. Ndugu Rwiza naye alifurahi, maana sasa alikuwa na jambo linalopigika rangi. Ikaamuliwa visima vya mapipa vifukiwe, cha Bi Somoe kichorwe duara jeupe na kifanywe kisima cha mtaa wote mpaka mabomba yatakapoongezwa. Mitaa mingine ifuate mfano huo.

Siku moja kabla ya kwenda kuchora, Dakta alinipa daftari ninakili namba. Tulikuwa tunapima pia chumvi. Nikashuka na safu ile: nyumba hii chumvi nyingi, nyumba ile chumvi nyingi, kwa Bi Somoe chumvi kidogo. Nikaangalia chini kwenye maji ya bomba la kona, ambayo tuliyapima kwa kulinganisha. Namba zilikuwa sawasawa.

Niliweka penseli chini. Nguo za wadogo zangu nilizifua kwa maji ya kisima kile miaka minne. Sabuni haikuwahi kutoa povu. Saruji inaweza kuzuia mengi, lakini chumvi ya maji yote ya ardhi ile haiwezi kuichuja.

Nikaelewa nilichochotewa. Kila nyumba yenye adabu kule mtaani ilikuwa na mtungi. Maji ya bomba yaliyopangiwa foleni alfajiri yalikaa mtungini, na hayo ndiyo ya mgeni. Mgeni hapewi maji ya chumvi. Bi Somoe alisikia kwamba wasomi wa chuo wanataka maji yake, akawapa yale ambayo mtu mstaarabu huwapa wageni. Angewapaje mengine?

Niliona mambo mawili. La kwanza, mtaa mzima ungekwenda kunywa kwenye kisima ambacho hakuna aliyekipima, kwa amri ya mkoa, kwa kosa langu. La pili, nikisema, nitaondoka kama yule kijana wa mpira, na nyumbani kuna midomo mitatu. Nililala nayo yote mawili. Asubuhi nilichemsha chupa moja ya ziada na kamba, nikavitia kwenye kreti.

Narudi sasa uani. Ndugu Rwiza alikuwa ameshatoa maelezo yake. Ndugu Mchopa amechovya brashi.

"Subirini," nikasema.

Nilishusha chupa mwenyewe. Nikaipandisha, nikamnyooshea Dakta. "Onja."

"Hatuonji sampuli, dada Hadija. Unajua."

"Leo onja, Dakta."

Alinitazama. Alichovya ncha ya kidole, akaigusisha ulimini, akatema. Akafungua daftari pale pale, kidole kikashuka kwenye safu ya chumvi. Ndugu Rwiza naye akanyoosha mkono.

"Wewe usionje, baba," Bi Somoe akamwambia. "Wewe ni mkoa. Ukiharisha, tutaharisha sote."

Tabu alicheka peke yake. Dakta alifunga daftari.

"Haya siyo maji tuliyopima. Nani alijaza ile chupa ya kwanza?"

Nilifungua mdomo. Bi Somoe alinitangulia.

"Mimi. Mtoto huyu alishusha chupa yake kama mlivyomfundisha, akaiweka hapa ukingoni. Alipokwenda msalani nikaimwaga, nikatia ya mtungini. Hakuniona."

"Mama," Ndugu Rwiza akasema, "ulitaka kuidanganya serikali?"

"Basi nimeidanganya. Andika."

"Bi Somoe!" Ndugu Mchopa akapiga kelele. "Nyumba kumi zangu hizi! Mimi nitasema nini kwenye kikao?"

"Sema Somoe aliona haya kuwapa wageni maji ya chumvi. Au sema mwongo. Lililo jepesi kwako."

"Bi Somoe, mimi ndiye—" nilianza.

"Wewe nyamaza. Wakubwa wanazungumza."

Aliniangalia mara moja tu, si kwa ukali. Kisha alitupa macho ukumbini, ulikokuwa umetandikwa ule mkeka anaolalia Zena. Nikanyamaza.

Rangi nyekundu haikuletwa, kwa kuwa hakuna aliyedhani itahitajika. Ndugu Rwiza hakutaka kurudi mara ya pili, akaamuru msalaba uchorwe kwa ile nyeupe. Ndugu Mchopa alichora huku akiguna. Bi Somoe alisimama pembeni, mikono kiunoni.

"Vya wenzangu vimechinjwa," akasema, "changu kimebatizwa."

Hapo wote walicheka, hata Dakta. Mimi nilikuwa nafunga kreti.

Chupa ya pili ilipopimwa, kisima kilikuwa kichafu kama vya jirani. Dakta alifuta habari ya saruji, na ukurasa wa mkoa ukaandikwa upya: kisima chochote kilicho ua mmoja na choo cha shimo kifukiwe, kiwe cha mapipa au cha saruji, na mabomba ya kona yaongezwe. Agizo hilo lilitoka, likafuatwa mitaa mingi. Mabomba yalichelewa, lakini yalikuja. Mvua za masika zilizofuata vyoo vilifurika kama kawaida yake, na mtaa wetu haukuwa ukinywa kwenye visima. Hilo naliandika bila majivuno. Ni kazi iliyofanya ilichokusudiwa.

Ila kabla ukurasa haujaenda, Dakta aliniita. Alikuwa hakiamini Kiswahili chake, na kila karatasi ya mkoa aliniomba niisome kwa sauti, aone kama mtu wa kawaida ataielewa. Nilisimama mbele ya meza yake nikasoma. Karibu na mwisho iliandikwa: "Mwenye nyumba alibadilisha sampuli bila mchukuaji kujua."

"Inaeleweka?" akauliza.

"Inaeleweka," nikasema.

Ukurasa ulikwenda. Nakala ikabaki chuoni, ndani ya ripoti kubwa, na wanafunzi wameisoma tangu hapo. Ninyi wenyewe mmeisoma. Mnafundishwa kwamba wananchi wakati mwingine huharibu sampuli, na mfano mnaopewa ni mama mmoja wa Kariakoo.

Mtaani habari ilifika kwa njia yake. Ndugu Mchopa aliisema kwenye kikao, nadhani kwa kujikinga. Hakuna aliyemtukana Bi Somoe. Lakini msiba uliofuata, maji walimpa mwingine ayashike. Bi Somoe alikuja, akakaa na wamenya viazi, akamenya viazi. Na uliofuata hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Mara moja nilimnong'oneza kwamba nitawaambia. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kisu: "Wasomeshe kwanza hao watoto." Niliwasomesha. Zena ni muuguzi. Yule wa mwisho alipomaliza shule, Bi Somoe alikuwa ameshazikwa, na maji ya mazishi yake yalitoka kwenye bomba la kona.

Miaka mingi baadaye nilimwandikia Dakta, alikuwa amestaafu kwao Kilimanjaro, nikamweleza yote. Alijibu kwa upole wake ule ule. Alisema kisima kilikuwa kichafu na uchafu wake haukutegemea nani alishika chupa, kwa hiyo hitimisho linasimama. Hitimisho linasimama, kweli. Mimi sikumwandikia kuhusu hitimisho.

Basi, vijana, kanuni ni hiyo niliyowapa: shusha chupa mwenyewe. Mkifika kwa watu, salimieni, chukueni maji, ndipo mkae na kula. Na mkipewa karatasi msome kwa sauti, msikubali kuulizwa tu kama inaeleweka. Semeni pia kama ni kweli.

Tabu yuko hai. Anakaa Mbagala na wajukuu. Siku ya arobaini ya mama yake aliniambia, "Mama alikuwa mwema, dada Hadija, lakini lile la kuwadanganya watu wa chuo sijawahi kulielewa." Nilimwambia ni mambo ya zamani.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake nikiwa nimeamua kumwambia. Bomba analo ndani, linatoka vizuri, na mwenyewe alikuwa ananywa maji yake kwenye kikombe cha plastiki. Mimi alinitumia mjukuu dukani, akaniletea chupa ya maji ambayo haijafunguliwa, na glasi juu ya kisahani.

"Haya ya bomba ni ya kwetu," akasema. "Mgeni simpi."

Nilifungua chupa, nikanywa yote. Tulizungumza habari za miguu na sukari. Jua lilipopungua nikamrudishia glasi yake, nikaaga, nikaondoka na neno nililokuwa nimekwenda nalo.